Mbegu ya Damu na Chakula cha Mtoto

Msomaji wetu wa Mfangano, yawezekana umemwona mtoto mchanga aliyevimba mikono na miguu, analia kwa maumivu ya mifupa, na macho yake yamegeuka manjano. Wako watu watakaosema amerogwa. Wengine watamlaumu mama yake. Mara nyingi ugonjwa huo ni selimundu. Ni ugonjwa wa damu wa kurithi, nao ni mwingi kandokando ya Ziwa Victoria.

Kila mtoto hupata mbegu mbili za damu, moja kwa baba na moja kwa mama. Wataalamu huziita jeni. Mwenye mbegu moja ya selimundu na moja njema kwa kawaida haugui. Tena hupata faida: mwaka 1954 Daktari A. C. Allison, aliyekulia Kenya, alieleza kwamba watu wa namna hii hawaangushwi upesi na malaria. Ndiyo sababu mbegu hiyo imedumu katika nchi zenye mbu wengi kama hii yetu. Lakini wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mwenye mbegu mbaya mbili. Usidhani kwamba mmoja akiugua, watatu wafuatao watakuwa wazima; kila mimba huanza hesabu yake upya.

Chembe nyekundu ya damu njema ni ya mviringo na laini, nayo huishi siku 120 hivi. Ya mgonjwa hujikunja kama mundu, hukwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu, kisha huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Kwa hiyo mwili wake hauna budi kutengeneza chembe mpya mbiombio, na kazi hiyo yataka chakula.

Chakula hakibadilishi mbegu. Anayekuuzia mizizi ya kuibadilisha anakula fedha zako bure. Lakini vitamini ya foleti, inayohitajika kujenga chembe mpya, imo kwa wingi katika majani ya kunde, osuga, maharagwe na njugu. Usichemshe mboga muda mrefu kisha ukamwaga maji yake, maana foleti huenda pamoja nayo. Omena nayo hujenga mwili; yasikitisha kuona magunia yakipakiwa mashuani huku watoto wa nyumbani wakila ugali mtupu. Weka akiba kavu kwa miezi ambayo uvuvi wake umefungwa.

Mpe mtoto maji safi mara kwa mara, hasa wakati wa jua kali, kwa kuwa mwili ukikauka chembe hujikunja zaidi. Vidonge vya madini ya chuma asipewe kabla ya damu kupimwa, kwani aliyeongezewa damu mara nyingi huwa tayari na chuma kupita kiasi.

Mwenye mbegu mbili hana ile kinga ya malaria, nayo humwua upesi. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Kliniki itampa penisilini mpaka afikapo miaka mitano, na daktari aweza kumwandikia haidroksiyurea. Akishikwa na homa, usingoje mashua ya kesho.