Jiwe la Angani Liitwalo Kenya

Katika nchi ya Garissa, Wajir na Mandera, ambako uwanda ni mpana na mvua ni haba, ilimu ya nyota haikuwa anasa hata siku moja: wafugaji wa Kisomali waliutazama mwezi na kukaribiana kwake na nyota fulani wapate kukadiria majira, na mwaka 1968 mwanachuoni Muusa Galaal alitoa mjini Mogadishu kitabu kizima juu ya maarifa hayo. Lakini mbinguni vimo vitu vingi ambavyo jicho tupu, hata liwe kali namna gani, haliwezi kuvidiriki, na kimojawapo kina jina la nchi yetu.

Jiwe hilo huandikwa 1278 Kenya. Liligunduliwa tarehe 15 Juni 1933 na Cyril Jackson, mwanafalaki wa Union Observatory ya Johannesburg, ambaye tarehe hiyo hiyo alipata na jingine lililokuja kuitwa 1279 Uganda. Nambari hizo ni za daftari ya sayari ndogo, iliyofunguliwa na Ceres, aliyoiona Giuseppe Piazzi huko Palermo tarehe 1 Januari 1801. Wala jiwe halipewi nambari ila njia yake imekwisha kujulikana kwa yakini. Wakati jiwe la Kenya lilipogunduliwa, koloni la Kenya lilikuwa na miaka 13 tu ya kuitwa hivyo, na Jubaland ilikuwa imekabidhiwa Italia mwaka 1925, jambo lililoifanya Garissa kuwa nchi ya mpakani.

Makazi ya jiwe hilo ni ule ukanda ulioko baina ya Mirihi na Mshitarii, ambamo vifusi vya tangu kuumbwa kwa sayari vilizuiliwa na mvuto mkubwa wa Mshitarii visipate kukusanyika vikawa sayari moja. Umbali wake na jua, kwa wastani, ni kama kilomita milioni 360, yaani mara mbili na nusu, au pungufu kidogo, ya umbali wetu sisi. Na kulizunguka jua mara moja huchukua miaka 3 na miezi 9 hivi. Upana wake hukadiriwa kuwa karibu kilomita 20.

Msomaji atauliza, na ana haki, ni vipi watu wameyajua hayo ilhali hapana mkono ulioligusa. Shahidi ni mmoja tu, nao ni nuru. Miamba myeusi yenye kaboni nyingi hurudisha takriban sehemu 5 katika 100 za nuru ya jua, na ile ya mawe, ambayo Kenya ni mojawapo, hurudisha kama sehemu 20. Kwa hiyo, nuru inayorudishwa ikilinganishwa na joto linalotolewa, ukubwa hupatikana kwa hesabu. Rangi za nuru hiyo nazo hufichua madini ya olivini na piroksini, pamoja na chuma chenye nikeli. Ushahidi huu ulithibitishwa mwaka 2010, chombo cha Wajapani kiitwacho Hayabusa kilipoleta chembe za jiwe dogo Itokawa, zikaonekana kuwa za jamaa moja na vimondo vya kawaida vya mawe. Na kimondo cha jamii hiyo kilianguka tarehe 16 Julai 2011 karibu na Thika, mji ambao barabara ya kwenda Garissa huanzia.

Lililo ajabu zaidi katika jiwe letu ni upole wa mzunguko wake juu ya mhimili. Mawe mengi ya ukubwa huo hujizungusha mara moja kwa muda wa saa chache tu. Kenya huchukua takriban saa 188, karibu siku 8. Hujulikana hivi: ngamia aliye mbali uwandani, akikupa ubavu huonekana mpana, akikugeuzia uso hupungua, na jiwe lisilo duara kamili vivyo hivyo hutuongezea nuru na kutupunguzia, mara mbili katika kila mzunguko.

Hapa ndipo penye taabu, maana usiku mmoja wa saa 8 za kutazama hauonyeshi hata sehemu moja katika ishirini ya mzunguko huo, kisha alfajiri huingia na utazamaji hukatika. Dawa yake ni watazamaji wengi walioenea mashariki na magharibi, kila mmoja akipokea pale mwenzake alipoishia. Garissa, iliyo karibu kabisa na mstari wa ikweta, huona njia ya sayari ikipita juu sana mbinguni, na usiku wake ni mrefu wa kutosha mwaka mzima. Darubini ya kadiri yenye kamera, ikiwekwa katika chuo au skuli ya huko na kusimamiwa na vijana wenye subira, ingeweza kutoa vipimo ambavyo wanafalaki wa nchi nyingine wangevihitaji. Jina tulipewa na wengine pasipo kuulizwa. Vipimo twaweza kuvitoa wenyewe.