Kiyoyozi cha Gari Kinapopuliza Hewa ya Moto

Kaskazi inapovuma, na jua la Januari na Februari likayafanya mabati ya magari ya Dar es Salaam na Mombasa yasishikike kwa mkono, mafundi wa viyoyozi hupokea wateja wengi wenye shitaka moja: upepo unatoka, lakini ni wa moto. Jawabu wanalopewa aghalabu, hata kabla boneti haijafunguliwa, ni kwamba gesi imekwisha, haina budi kuongezwa. Jawabu hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyokosekana ndiyo inayomtia mwenye gari hasarani kila mwaka, kwa sababu gesi ya kiyoyozi si petroli hata iishe kwa kutumika. Huzunguka daima ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua kiasi cha kuondoa baridi, yakini imepata mahali pa kutokea, na mahali hapo pasipozibwa gesi mpya nayo itatoka.

Kiyoyozi hakiumbi baridi, huhamisha joto. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huikandamiza gesi hata ikapata moto, kisha gesi hiyo hupita katika kondensa, ule wavu ulio mbele ya rejeta, ikapoteza joto lake kwa upepo wa feni na kugeuka majimaji. Majimaji hayo hupenyezwa katika tundu jembamba la vali, na yakitokea upande wa pili, shinikizo lao likiwa limeshuka ghafla, huchemka ndani ya evaporeta nyuma ya dashibodi na kuvuta joto la hewa ipitayo hapo. Ndiyo tabia ile ile ya maji ya mtungi wa udongo, ambayo hupoa kwa sababu sehemu yake inageuka mvuke. Tafauti ni kwamba gesi ya R-134a, iliyomo katika magari yetu mengi, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri.

Uchunguzi na uanze na mambo yasiyo na gharama. Injini ikiwaka na kiyoyozi kimewashwa, tazama sahani iliyo mbele ya kompresa: katika magari mengi pulei huzunguka wakati wote, lakini sahani ile huzunguka pale tu kilachi cha sumaku kinapoinasa. Isipozunguka, sababu yaweza kuwa fyuzi, rilei au waya uliokatika. Lakini yaweza pia kuwa swichi ya shinikizo imeuzuia umeme kwa kuwa gesi imekuwa haba. Hapa ndipo ufundi wa pupa unapoharibu mali za watu. Mafuta yanayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi, na gesi ikipungua hayarudi kwa kadiri ya kutosha, ndiyo maana swichi ile ikawekwa kuizuia kompresa isizunguke kavu. Fundi anayeunganisha nyaya ili kuikwepa swichi hiyo, akamwonyesha mteja sahani inazunguka, ameondoa mlinzi. Kompresa husagika, chembe za chuma zikasambaa hadi kwenye kondensa na vali, na kazi iliyokuwa ya kubadilisha oringi moja ikawa ya kubadilisha takriban mfumo mzima. Nalisema hili kwa uchungu, maana mwenye gari hana njia ya kulijua mpaka siku kompresa inapokwama.

Kiyoyozi kinachopoza barabara ikiwa nyeupe, kisha kikatoa joto kwenye foleni, aghalabu hakina kosa la gesi: feni ya kondensa imekufa, au wavu umeziba kwa vumbi.

Yakishapita hayo, geji zifungwe. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, katika hewa ya nyuzi 30, mishale yote miwili husimama karibu na psi 97 maadamu ndani mna majimaji ya R-134a, yawe mengi au machache. Kwa hiyo anayedai kukijua kiasi cha gesi kwa kipimo hicho anabahatisha. Kipimo cha haki ni injini ikiwaka: upande wa chini psi 25 hadi 45, na wa juu 150 hadi 250, au zaidi kidogo joto likizidi. Pande zote zikiwa chini, gesi imevuja. Wa chini ukipanda na wa juu ukashuka hata zikakaribiana, kompresa imechoka. Zote zikipanda, gesi imezidi, au hewa imeingia, au kondensa haipozwi.

Mvujo hutafutwa kwa macho kwanza, kwa kuwa gesi hutoka na mafuta, na mafuta hushika vumbi. Doa jeusi lenye unyevu kwenye kiungo cha bomba ni ushahidi, na povu la sabuni hulithibitisha. Pwani, chumvi ya hewa hula alumini ya kondensa. Ni kweli mipira ya gari kuukuu hupitisha gesi kidogo kidogo kwa miaka, illa gari linalodai gesi kila msimu lina tundu. Likizibwa, mfumo unyonywe hewa na unyevu kwa pampu si chini ya nusu saa, kisha gesi ipimwe kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Gesi ya zamani isiachiliwe hewani: R-134a iliirithi R-12, iliyoondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuidhuru ozoni, lakini nayo huipasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito ule ule wa kabonidioksidi.

Limebaki kosa linalowapotosha hata mafundi hodari. Geji zasema sawa, bomba nene linaloingia chini ya dashibodi ni baridi na linatoka jasho, na bado hewa ni ya moto. Hapo kibao kinachochanganya hewa baridi na ya hita kimekwama. Mipira miwili ya hita ibanwe kwa koleo lenye midomo laini. Baridi ikirudi baada ya muda mfupi, gesi isiguswe, na kazi iwe ni kukifungua kibao kile na mota yake.