Kulainisha si Kutia Maji: Istilahi za Polima za Mimea katika Rojo la Saruji

Makala haya yanafafanua namna polima za mimea zinavyobadili mtiririko wa rojo la saruji, na yanadai kwamba kitenzi "kulainisha", kinachozoeleka katika maelezo ya Kiswahili kuhusu jambo hilo, hakitoshi. Kasoro hiyo si ya msamiati tu. Fundi anayeambiwa alainishe zege huongeza maji, na maji yanayozidi mahitaji ya saruji huacha vitundu vinavyolidhoofisha zege likishakuwa gumu. Duff Abrams alichapisha uhusiano huo nchini Marekani mwaka 1918.

Mfano wetu unatoka Kashikishi, wilayani Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru. Upande huo wa Zambia husemwa Kibemba na lahaja zinazokaribiana nacho. Ng'ambo, Pweto na Kilwa (ya Kongo, si ile ya pwani yetu), husikika Kiswahili cha Katanga. Muhogo huliwa pande zote mbili, na ubwali wa Kibemba ndio bukari ya Wakatanga. Bukari hukaa kama ilivyopakuliwa mpaka mkono uisukume. Delele, yaani mlenda, hutiririka yenyewe, ila kwa kujivuta. Kinachoizuia bukari isianze kutiririka tukiite ukinzani wa kuanza. Kinachoichelewesha delele ikiwa tayari mwendoni ni mnato. Kiswahili huziita zote mbili "nzito", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Chembe za saruji zikiwa majini hushikamana vishadavishada na kufungia maji ndani yake. Lignosulfoneti, zao la pembeni la utengenezaji wa karatasi kutokana na miti, imetumika tangu miaka ya 1930 kwa sababu huzivika chembe hizo chaji ya aina moja. Chembe husukumana, vishada huvunjika, maji yaliyofungiwa huachiliwa: ukinzani wa kuanza hupungua bila tone la ziada.

Wanga wa muhogo ni mgumu zaidi kuuainisha. Wolfram Schmidt wa taasisi ya BAM mjini Berlin na wenzake, wakiwamo watafiti wa Afrika, wameuchunguza pamoja na gundi ya mkakasia na utomvu wa magome ya Triumfetta pendrata, mmea wa familia moja na bamia. Ukipikwa tu, wanga hufunga maji na kuongeza mnato, hivyo kokoto hazizami wala maji hayapandi juu. Ukigeuzwa kikemia, minyororo yake ikafupishwa na kupewa chaji, unaweza kuzitenganisha chembe. Muhogo uleule, kazi mbili zinazopingana.

Kwa hiyo tunapendekeza, kwa kielelezo cha "kiunganishi", istilahi mbili: kitawanyishi kwa kiungio kinachopunguza ukinzani wa kuanza, na kinatishi kwa kinachoongeza mnato. Maelekezo yakisema "tia kitawanyishi, usiongeze maji", fundi hana sababu ya kuiendea ndoo.

Wala tusieleweke kwamba uji umiminwe kwenye zege. Kipimo cha viungio hivi kwa kawaida ni sehemu ndogo ya asilimia moja ya uzito wa saruji, na sukari inayoandamana na wanga usiosafishwa huchelewesha saruji kushika, pengine kwa siku nzima.