Kabla Hujanunua Ploti Kajiado

Anayetaka kutoka Nairobi akafuge kuku na kupanda sukuma wiki Isinya au Kisaju huuliza kwanza bei, hatimiliki na umbali hadi lami. Ayaulize. Lakini majibu yake hayatamwambia kama familia itakuwa na maji mwishoni mwa Oktoba, wala kama mgonjwa atafika hospitalini usiku wa mvua ya Aprili. Anayetaka kujitegemea aipime ardhi kwa mwezi wake mbaya.

Wastani wa mvua wa kaunti nzima haumfai. Upande wa Amboseli hunyesha kama milimita 300 kwa mwaka. Vilima vya Ngong hupata mara tatu ya hapo au zaidi. Tena miaka haifanani. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kutosheleza, na wafugaji wa Kimaasai wakapoteza mifugo mingi mno.

Chukua paa la mabati la mita za mraba 100. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo milimita 500 huleta lita 50,000. Toa sehemu ya tano inayomwagika, zibaki 40,000. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, mwaka utakula lita 36,500. Paa linatosha kwa shida, bila ng'ombe wala bustani. Ila mvua haiji kwa mafungu ya kila wiki. Toka Juni hadi Oktoba ni takriban siku 150, yaani lita 15,000 zinazopaswa kuwa tayari zimehifadhiwa. Wengi hujenga paa kubwa kisha wananunua tangi dogo, na maji ya Aprili yanakwenda zake.

Kisima kirefu nacho kina siri. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na pembezoni mwake hutoa floraidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa miaka, meno ya watoto hubadilika kuwa ya kahawia. Ikizidi sana, mifupa huharibika. Kuchemsha huua vijidudu tu. Floraidi hubaki sufuriani, na maji yakipungua inazidi kukolea. Peleka maabara maji ya kisima cha jirani kabla ya kulipa amana. Ukikuta floraidi nyingi, ya mvua yawe ya kunywa, ya kisima yawe ya kufulia.

Kisha chimba shimo. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa tambarare hizi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na msingi usiofika kwenye tabaka gumu hupasua kuta. Udongo huohuo hunasa magari. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalikata barabara nyingi nchini, na mwenye tangi lililojaa angeweza kukwama nyumbani pamoja na mgonjwa wake. Tafuta ploti yenye njia mbili za kutokea.

Ramani haitakupa mengine. Nenda kwenye boma la karibu, uwaamkie wazee, uwaulize maji ya El Niño ya 1997 yalipita wapi na ng'ombe walipelekwa wapi 2022. Uliza pia mifugo hupita wapi kwenda malishoni, ili ua wako usiizibe njia hiyo.