Kubana na Kuachia: Utangulizi wa Fiziotherapia ya Sakafu ya Nyonga

Waswahili wa pwani wana jina la utani la kitanda cha kamba kilicholegea: teremka-tukaze. Anayekilalia hana budi kushuka kila baada ya siku chache, kamba zivutwe, ndipo apande tena. Msomaji anayeingia katika elimu hii kwa mara ya kwanza namwomba aanze na kitanda hicho. Chini kabisa ya kiwiliwili, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, imetandwa misuli iliyopishana kama kamba zile. Juu yake vimekaa kibofu, mwisho wa utumbo mpana na, kwa mwanamke, mfuko wa uzazi. Hiyo ndiyo sakafu ya nyonga.

Wanaoifikia fani hii ni wengi, nao hawafanani. Yuko mama wa watoto watano ambaye hawezi kupiga chafya bila kubana mapaja kwanza. Yuko bibi aliyeacha kwenda tarawehe kwa kuwa udhu wake haufiki rakaa ya pili. Yuko mwanamume aliyeondolewa tezi dume, na sasa anatafuta choo kilipo kabla ya kukubali mwaliko wowote. Yuko bibi harusi ambaye unyumba kwake ni maumivu matupu, na ameambiwa avumilie. Kila mmoja anadhani ugonjwa wake ni wa peke yake, kumbe wote wanaweza kujikuta kwenye benchi moja wakimsubiri mtaalamu mmoja.

Nimeandika nikiwawazia wasomaji wa Lawrence Heights, mtaa wa kaskazini mwa Toronto uliojengwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 kwa nyumba za serikali, ukakatwa katikati na barabara ya Allen. Humo wanaishi watu wa visiwa vya Karibi, Wasomali, Waeritrea na wengine wa kwetu. Nyumbani, aliyejifungua alikuwa na arobaini yake: maji ya moto, kanga ya kufungia tumbo, na somo au mkunga wa kuulizwa yale yasiyosemwa mbele za watu. Huku mama anatoka hospitali baada ya siku moja au mbili, theluji mlangoni, bibi yake yuko simuni tu. Pengo hilo Ufaransa imelijaza kwa njia yake: bima ya taifa hulipia vikao 10 vya mazoezi ya nyonga baada ya uzazi. Ontario haina mpango wa namna hiyo.

Historia ya fani kwa kawaida huanzia kwa Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani, ambaye mwaka 1948 alichapisha makala juu ya kuimarisha misuli hii kwa mazoezi, akaleta na kifaa cha kupima nguvu ya mbano. Jina lake limebaki kwenye mazoezi hayo hadi leo. Somo la Kegel lilikuwa la teremka-tukaze: kilicholegea kikazwe. Nalo limesimama. Kwa mwanamke anayevujwa na mkojo akikohoa au akinyanyua ndoo, mazoezi ya kubana yanayosimamiwa na mtaalamu kwa miezi 3 au zaidi ndiyo tiba ya kwanza inayopendekezwa, kabla ya kuwazia upasuaji.

Ila nyama si kamba. Kamba ikikazwa sana kitanda kinakuwa imara zaidi. Msuli uliokazwa muda wote huchoka, huuma, na ukihitajika haufanyi kazi. Wenye maumivu ya unyumba, wenye kufunga choo, na baadhi ya waliokeketwa, mara nyingi shida yao ni msuli uliosahau kulegea. Kumwambia mtu wa namna hiyo abane zaidi ni kumwongezea mzigo. Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike: fani hii inafundisha kubana na kuachia, na kuachia huwa ndiko kugumu zaidi.

Sasa tuingie chumbani. Kikao cha kwanza huchukua kama saa nzima, na sehemu kubwa ni mazungumzo. Utaulizwa unakwenda haja ndogo mara ngapi, usiku unaamka mara ngapi, choo kigumu au laini, umezaa mara ngapi na kwa njia gani, unakunywa nini. Jiandae kulitetea birika lako, maana chai ya rangi huchokoza kibofu. Huenda ukapewa karatasi ya kuandika kwa siku 3 kila unachokunywa na kila unapokwenda chooni. Kisha mtaalamu atachukua mfano wa mifupa ya nyonga, wa plastiki, akuoneshe misuli ilipo. Atatazama unavyosimama, unavyopumua, na tumbo linavyofanya ukikohoa.

Baada ya hapo anaweza kuomba kupima kwa ndani. Anatoka nje, unavua nguo za chini, unalala na kujifunika shuka; ukipenda kanga yako mwenyewe, njoo nayo. Anabisha hodi kabla ya kurudi. Anatumia kidole kimoja chenye glavu, bila vyuma, na kila hatua anaitaja kabla ya kuifanya. Atakwambia, "Bana kama anayezuia upepo," ahesabu sekunde, kisha aseme, "Achia." Hapo ndipo wengi hugundua kwamba walikuwa wakibana makalio na kuzuia pumzi, msuli wenyewe umelala. Una haki ya kukataa kipimo hiki, au kukisimamisha katikati, na tiba ikaendelea kwa njia nyingine. Ontario, anayekifanya lazima awe ameorodheshwa kwa kazi hiyo na College of Physiotherapists of Ontario, na daftari lao liko wazi kwa umma. Omba mtaalamu wa kike ukitaka. Omba mkalimani, ila asiwe mwanao.

Utarudi nyumbani na kazi: pengine mibano 8, mara 3 kwa siku, kila mmoja ukifuatwa na mapumziko kamili, au, kwa msuli uliokaza, pumzi za taratibu peke yake.

Gharama ni kikwazo cha kweli. Huhitaji barua ya daktari kumwona mtaalamu, lakini kliniki nyingi za fani hii ni za binafsi na OHIP, bima ya afya ya serikali ya Ontario, hailipi. Bima ya kazini ndiyo husaidia. Asiye nayo aanze kuulizia kwenye kituo cha afya cha jamii. Kituo cha Unison kiko Flemington Road, mtaani hapo hapo, na vituo vya aina hiyo hupokea hata wasio na kadi ya OHIP.

Upo pia mwanga kutoka Quebec. Chantale Dumoulin na wenzake mwaka 2020 walichapisha utafiti wa wanawake 362 wa miaka 60 na kuendelea: waliofanya mazoezi kwa makundi ya wanane kwa wiki 12 walipata nafuu isiyopungua ya waliofundishwa mmoja mmoja. Kwa watu waliozoea kufundwa kwa pamoja, kikundi si jambo geni.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, keti vizuri. Vuta pumzi hadi tumbo lijae, kisha itoe polepole. Pumzi ikiingia sakafu hushuka kidogo, ikitoka, hupanda. Usipohisi kitu, usifadhaike. Wengi siku ya kwanza hawahisi, na kuhisi ndilo somo lenyewe.