Kuzuia Bahari kwa Shauri la Wakazi wa Pwani

Abiria wa mabasi yaendayo Tegeta, kaskazini ya Dar es Salaam, hulitaja kila siku jina la kituo kiitwacho Africana. Wengi wao, hasa vijana, hawajui kwamba jina hilo ni la hoteli iliyokuwa ufukweni karibu na hapo, ambayo bahari iliula mchanga wake na kisha majengo yake hata ikaachwa. Hoteli imetoweka, jina limebaki barabarani. Makala haya yanakusudia kueleza sababu za kisayansi za mambo ya namna hiyo, na baadaye kulijadili swali ambalo kwa kawaida halimo katika vitabu vya jiografia: ni nani apaswaye kuamua bahari izuiwe wapi, na kwa njia gani?

HESABU YA MCHANGA

Ufukwe si kitu kilichotulia. Inafaa tuufikirie kama ghala la nafaka, lenye kinachoingia na kinachotoka. Kinachoingia ni mchanga uletwao na mito wakati wa mvua, pamoja na vipande vya matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi. Kinachotoka ni mchanga unaovutwa kwenye kina kirefu, au unaosukumwa kando ya pwani na kupelekwa kwa jirani. Maadamu viingiavyo na vitokavyo vinalingana, ufukwe hubaki mahali pake, ingawa chembe zake hubadilika kila siku.

Mwendo huo wa kando ya pwani ndio unaohitaji kufahamika vyema. Wimbi likija kwa mshazari hupandisha mchanga kwa mshazari vilevile. Lakini maji yanaporudi hufuata mteremko, yaani hushuka moja kwa moja. Kwa hiyo chembe ya mchanga husafiri kwa mstari ulio kama meno ya msumeno. Katika pwani ya Dar es Salaam, wakati wa kusi mchanga husukumwa kuelekea kaskazini, na wakati wa kaskazi sehemu yake hurudishwa kusini. Kwa kuwa kusi ni pepo zenye nguvu zaidi na hudumu miezi mingi zaidi, mwisho wa mwaka hesabu huelemea upande wa kaskazini.

Sasa tutazame yaliyotokea Kunduchi na jirani zake. Katika miaka ya 1970 na 1980 jiji lilikua upesi, na kila nyumba ya matofali ya saruji ilihitaji mchanga. Mchanga ulio karibu na rahisi ulikuwa katika vitanda vya mito midogo kama Mbezi na Tegeta, nao ukachimbwa kwa majembe na kupakiwa katika malori. Mchanga huo ndio uliokuwa ukienda kuulisha ufukwe. Wakati huohuo, huko baharini, miamba ya matumbawe iliyokuwa ikiyavunja mawimbi makubwa kabla hayajafika pwani ilikuwa ikilipuliwa kwa baruti za wavuvi haramu na kung'olewa kwa ajili ya matanuri ya chokaa. Bahari haikubadili tabia yake. Ghala ndilo lililofungwa mlango wa kuingizia. Juu ya hayo yote kuna kupanda kwa kina cha bahari ulimwenguni, ambako kati ya mwaka 1901 na 2018 kulifikia wastani wa sentimita 20 hivi, na kasi yake imeongezeka katika miongo ya karibuni.

KINGA YA MMOJA NI HASARA YA MWINGINE

Mwenye jengo linalotishwa na maji hutafuta mawe. Njia moja ni kujenga kuta fupi zinazotoka ufukweni na kuingia baharini kama vidole, ili zinase mchanga unaopita. Zilijengwa mbele ya baadhi ya hoteli za Kunduchi, nazo hufanya kazi yake: upande unakotoka mchanga, ufukwe hupanuka. Lakini mchanga ulionaswa hapo ni uleule ambao ungemfikia jirani wa upande wa pili, na huko bahari huanza kula kwa kasi kuliko awali. Jirani naye akiwa na fedha hujenga zake, na tatizo husogezwa hatua moja mbele, mpaka limfikie asiye na fedha.

Njia nyingine ni ukuta mrefu uliosimama wima sambamba na maji, kama ule wa kando ya Barabara ya Barack Obama mjini Dar es Salaam, ambao ukarabati wake ulikamilika mwaka 2018. Ukuta wa aina hii huilinda barabara iliyo nyuma yake, na mahali penye barabara kuu au mji wa kale pengine hakuna badala yake. Hata hivyo, wimbi likipiga ukuta wima halichoki polepole kama lipandapo mchangani. Hurudishwa kwa nguvu na kuchimba chini ya msingi. Kwenye ncha za ukuta nako mmomonyoko huzidi.

Hapo ndipo sayansi yenyewe inapotupeleka kwa wananchi. Mhandisi aweza kukokotoa ukubwa wa jiwe litakalohimili wimbi la kimo fulani. Hawezi kukokotoa iwapo ni haki kuokoa hoteli na kupoteza diko la wavuvi, au kuokoa shule na kupoteza makaburi. Hayo si mahesabu, ni maamuzi, na wenye kuyabeba matokeo yake ndio wanaostahili kuyatoa.

WANALOJUA WAVUVI

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya kisayansi kabisa: wakazi wana habari ambazo mtaalamu hana. Mvuvi wa pwani hii hatofautishi maji kujaa na kupwa tu. Anajua bamvua, linalokuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, wakati ambapo tofauti baina ya maji kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Na anajua maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu. Mpimaji akifika kwa siku mbili za maji mafu katika mwezi wa kaskazi tulivu, atarudi ofisini na picha ya bahari mpole. Mvuvi atamweleza kwamba hatari yao ni bamvua likikutana na upepo mkali wa kusi, na atamwonyesha kisima kilichogeuka chumvi.

Kumbukumbu za namna hii zina thamani zikikusanywa kwa utaratibu. Wazee waulizwe mmoja mmoja, kila mmoja mbali na mwenzake, na majibu yafungwe kwenye matukio yanayojulikana: Uhuru wa mwaka 1961, Azimio la Arusha la mwaka 1967, mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Minazi ilifika wapi wakati huo? Msikiti ulikuwa hatua ngapi kutoka majini? Kisha majibu yalinganishwe na ramani na picha zilizopigwa kutoka angani. Yakitofautiana, pande zote mbili ziende pamoja mahali penyewe. Hatusemi kwamba wazee hawakosei. Kumbukumbu huweza kuikuza pwani ya zamani, na mara nyingine wanakijiji huilaumu meli au gati kwa kosa la mchanga uliochimbwa na vijana wao wenyewe. Lakini picha ya angani nayo haisemi ilipigwa maji yakiwa wapi.

Katika upandaji wa mikoko jambo hili limeonekana wazi katika nchi nyingi. Mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi na kushika tope, kwa hiyo hupandwa kama kinga. Mche unaopendwa ni wa mkoko wenyewe, kwa kuwa mbegu yake ni ndefu na rahisi kuchomekwa. Walakini kila aina ina makao yake: mlilana huvumilia ukingo wa mbele unaopigwa na bahari, mkandaa hupenda nyuma, na mchu hustahimili chumvi nyingi. Miche mingi imekufa kwa kuchomekwa mahali ambapo mkata nguzo yeyote angesema hapajawahi kuota kitu.

KUSHIRIKISHWA NI NINI?

Neno "kushirikisha" limetumiwa mno hata likapungua uzito. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein aliandika makala mashuhuri akilinganisha ushiriki wa raia na ngazi yenye vidato 8. Vidato vya chini kabisa ni vya kuwalaghai na kuwatuliza watu. Vya kati ni kuwapasha habari na kuwauliza maoni, bila ahadi kwamba maoni hayo yatabadili lolote. Vya juu ni ubia, kukabidhiwa madaraka, na hatimaye wananchi kuamua wenyewe. Kipimo hiki ni kikali, na pengine si kila mradi waweza kufika juu. Ukuta wa bahari ni ghali kuliko mfuko wa kijiji chochote. Lakini chatusaidia kuuliza: mkutano huu uko kwenye kidato gani?

Aliyewahi kuhudhuria mikutano ya aina hii anaijua sura yake. Mchoro umekwisha kuchorwa, mkandarasi amekwisha kupatikana, na wananchi wanaitwa ili wapige makofi. Waliokaa mbele ni wanaume wenye viti. Mwanamke anayekwenda mwambani kuokota pweza na chaza maji yakipwa hakuulizwa, na ukuta utakapokamilika ndipo itakapogundulika kwamba hauna ngazi ya kushukia, wala mwanya wa kuvutia ngalawa. Ngazi na mwanya vingegharimu kidogo sana kama vingekuwamo katika mchoro tangu mwanzo. Wachimba mchanga nao hawaalikwi kwa kuwa wanahesabiwa wakosaji. Ilhali bila kujua wataishi kwa kazi gani nyingine, amri ya kuwakataza hudumu mpaka lori la usiku.

Upo mfano bora wa karibu. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam walitembea pamoja na wakazi katika kata zinazofurika na kuchora ramani ya mitaro, njia na nyumba. Wakazi walieleza maji yalifika wapi. Ramani iliyotokana na kazi hiyo ilikuwa wazi kwa kila mtu kuitumia.

Mfano wa mbali ni Medmerry, kusini mwa Uingereza. Huko tuta la kokoto lilikuwa likirundikwa upya kila mwaka kwa gharama kubwa, na bado likibomoka. Uamuzi uliofikiwa ulikuwa wa kurudi nyuma: likajengwa tuta jipya la kilomita 7 ndani ya nchi kavu, na mwezi Septemba 1983 ukiwa umepita kwa miaka 30 kamili, yaani Septemba 2013, tuta la zamani likatobolewa kwa makusudi ili bahari iingie. Hekta 183 ziligeuka kuwa tope na nyasi za maji chumvi zinazoyachosha mawimbi. Wakazi wengine walilipinga wazo hilo, kwani kuiachia bahari ardhi yalikuwa maneno mazito. Iliundwa kamati ya ushauri ya watu wa mahali hapo, na mradi ukawa na njia za miguu na sehemu za kutazamia ndege.

Kwetu kurudi nyuma si jambo geni katika sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe. Ugumu uko kwa wale ambao bahari ndiyo iliyowafuata, na ambao walijenga mbali na maji. Kaya hizo zihamie wapi, na kwa gharama ya nani, ni suala ambalo Mkutano Mkuu wa Kijiji unapaswa kulijadili kabla mawe hayajaagizwa.

KAZI KWA SHULE

Mjadala wowote wa namna hii huhitaji vipimo, na vipimo vyaweza kuanzwa na shule ya sekondari. Mradi wa Sandwatch, ulioanzishwa katika visiwa vya Karibi mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa UNESCO, umekuwa ukiwatumia wanafunzi kuzichunguza fukwe zao.

Zinahitajika fito mbili zilizonyooka, zenye urefu sawa wa mita 1.5, zilizopigwa alama kila sentimita, na kamba ya mita 2 ya kuzitenganisha. Chagueni alama isiyohama, kama pembe ya jengo, na mwanzie hapo kuelekea majini. Mwanafunzi aliye kwenye ufito wa nyuma atazame ncha ya ufito wa mbele mpaka ilingane na upeo wa bahari, kisha asome mstari huo wa jicho umekata ufito wake sentimita ngapi chini ya ncha. Hicho ndicho kimo ambacho ufukwe umeshuka katika mita 2. Mahali unapopanda, ni ncha ya ufito wa nyuma inayolinganishwa na upeo, na kusomwa kwenye ufito wa mbele. Hatua hizo zirudiwe mpaka ukingo wa maji, na vimo vyote vijumlishwe na kuchorwa kwenye karatasi ya grafu.

Pimeni kila mwezi, siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa, katika mstari uleule. Msikate shauri kabla ya kupita kusi na kaskazi, kwa maana ufukwe ulionyonywa mwezi Julai huweza kurudishiwa sehemu ya mchanga wake ifikapo Februari. Daftari moja libaki shuleni na nakala yake ikae katika ofisi ya kijiji, mahali ambapo mhandisi atakapofika na mchoro wake ataweza kuonyeshwa michoro ya miaka iliyopita.