Kansa ya Titi Inapohama Hubadilika

Mwezi huu tumependa kuzungumza juu ya kansa ya titi, hasa pale inapotoka kwenye titi na kwenda sehemu nyingine za mwili. Familia za Muleba na za visiwani kama Goziba hutuuliza sana habari hii. Mama ametibiwa titi, kidonda kimepona, amerudi kuanika dagaa wake. Baada ya miaka kadhaa anaumwa mgongo usiku na mchana. Akirudi hospitali, daktari anasema ni kansa ile ile ya titi, imefika kwenye mifupa, na anataka kuchukua kinyama kingine cha kupima. Hapo ndugu huuliza: "Si alishapimwa? Mbona wanamkata tena? Na ile dawa ya kwanza ilikuwa ya nini?"

Ni maswali ya haki. Jibu lake ni kwamba kansa iliyohama si lazima ifanane kwa kila kitu na ile ya mwanzo.

Makosa katika kunakili

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya chembe hizo yamo maagizo ya kuziongoza: lini zijigawe, lini zipumzike, lini zife. Maagizo hayo ndiyo vinasaba. Chembe inapojigawa huyanakili yote, kama mtu anayenakili kitabu kizima kwa mkono, na makosa hayakosekani. Mengi husahihishwa au hayana madhara. Lakini yakiharibika maagizo ya kuizuia isijigawe ovyo, chembe huweza kuzaana bila kikomo. Ndivyo uvimbe unavyoanza.

Uvimbe wa ukubwa wa punje ya harage una chembe mamilioni mengi. Kadiri zinavyojigawa, makosa mapya huongezeka, hata katika uvimbe mmoja zikawamo koo mbalimbali za chembe. Mwaka 1976 mtaalamu wa Marekani, Peter Nowell, alieleza kwamba koo hizi hushindana, na zile zenye uwezo wa kustahimili ndizo zinazobaki na kuzaana.

Jambo hili tuliliona kwenye malaria. Klorokwini ilitibu vizuri kwa miaka mingi. Polepole vijidudu vilivyoistahimili vikabaki na kuongezeka, mpaka mwaka 2001 nchi yetu ikaiacha na kushika SP, na mwaka 2006 ikaamua kutumia dawa mseto. Klorokwini haikuwa dawa ya uongo. Vijidudu ndivyo vilivyobadilika. Kansa nayo yaweza kufanya hivyo ndani ya mwili wa mtu mmoja.

Mbegu na udongo

Mwaka 1889 daktari wa Uingereza, Stephen Paget, alichunguza habari za wanawake 735 waliofariki kwa kansa ya titi. Aliona kwamba kansa haisambai ovyo tu, bali hupendelea viungo fulani. Akaifananisha na mbegu, ambayo huota inapopata udongo unaoifaa. Leo twajua kwamba kansa ya titi huenda hasa kwenye mifupa, ini, mapafu na ubongo. Popote iendapo hubaki kuwa kansa ya titi, lakini huko ugenini huweza kuendelea kubadilika.

Kwa nini kupima tena?

Chembe nyingi za kansa ya titi zina vipokezi vya homoni. Tuvifananishe na kufuli: homoni ya kike ni ufunguo, na kufuli likifunguka chembe hukua. Vidonge vya tamoksifeni huziba tundu la kufuli hilo. Baada ya kuhama, chembe nyingine huwa zimepoteza kufuli kabisa. Nyingine kufuli lao limeharibika na kubaki wazi hata bila ufunguo, hivyo dawa za kupunguza homoni hazizitoshi. Kipimo kipya humsaidia daktari kuchagua dawa kwa kansa iliyopo leo.

Wapo wanaoamini kwamba kisu ndicho kinachoamsha kansa. Sivyo. Kansa hutembea yenyewe kwa njia ya damu na mitoki. Wala si kurogwa, wala si laana ya ukoo. Ni kweli zipo familia zenye vinasaba vya hatari vinavyorithiwa, lakini mabadiliko haya ya safarini hutokea ndani ya kansa yenyewe na hayaendi kwa watoto.

Mambo ya kushika

1. Wahini mapema. Uvimbe usiouma, ngozi ya titi kuvutwa, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, uvimbe kwapani: msingoje vikue. Kansa ndogo haijapata muda mrefu wa kubadilika.

2. Msiache vidonge kwa sababu mama anajisikia vizuri. Tamoksifeni kwa kawaida humezwa miaka 5 au zaidi. Anayetoka kisiwani amweleze daktari mapema, wapange atapataje dawa kabla hazijaisha, hata ziwa likichafuka.

3. Msigawane dawa. Kansa za wanawake wawili hazilingani.

4. Tunzeni karatasi za vipimo vya kwanza, na mwende nazo mnapopewa rufaa, iwe Bukoba, Bugando kule Mwanza au Ocean Road, Dar es Salaam.

5. Maumivu mapya ya mifupa yasiyoisha, kikohozi kisichokoma, macho kuwa ya njano au kichwa kuuma mfululizo kwa mtu aliyewahi kutibiwa kansa ya titi, yapelekwe hospitali. Miguu ikilegea au kufa ganzi, aende siku hiyo hiyo.

Kansa iliyosambaa kwa kawaida haiponi kabisa, na si vema kuwadanganya wagonjwa wetu. Lakini wengi hupunguziwa maumivu na kuongezewa muda, wengine miaka, wakilea watoto wao. Mama akiambiwa apimwe tena, ndugu wamsindikize na kumtafutia nauli ya boti.